Vidonge saba kwa kikombe kimoja cha chai

SWALI

Habari za kazi, washauri wetu. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Tabata, Dar es Salaam. Miezi saba iliyopita nilikwenda India nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi: tumbo linabaki kijifuko kidogo na utumbo unaungwa upya. Nilikuwa na kilo 128, leo nina 95. Kabla ya hapo nilikuwa na sukari na nilitumia metformini miaka sita. Sasa sukari imetulia na daktari ameniachisha.

Nilirudi na makopo ya vitamini za kutafuna. Yalipoisha nikaingia famasi nikajinunulia mwenyewe. Sasa kila asubuhi nakunywa kwa mkupuo, na chai ya maziwa: FEFO kimoja (kile cha chuma na foliki), kalsiamu mbili za mg 500, omeprazoli moja, vitamini za jeli mbili za nywele na kucha, na zinki ya watoto ya mg 20, kwa sababu niliambiwa inarudisha nywele. Jioni nakunywa kile kidonge kinachochemka kwenye maji, vitamini C mg 1000.

Pamoja na yote hayo, nywele zinabaki kwenye kitana. Nikipanda ngazi nahema. Natafuna barafu, na sasa nimeanza udongo wa pemba, ambao hata nilipokuwa mjamzito sikuwahi kuula. Usiku nyayo zinachomachoma na vidole vya miguu vimekufa ganzi. FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu, ya wiki iliyopita ilionyesha damu 9.8. Pale famasi wamenipa vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12, pamoja na foliki ya mg 5; bado sijavianza. Shoga yangu ananiambia niachane na vidonge vyote, niagize stika za vitamini za kubandika mkononi.

Nichague nini, kwa bei ya mtu wa kawaida? Na Ramadhani ikifika nitavipanga vipi?

Msomaji wenu, Tabata

JIBU

Dada yetu wa Tabata, tuanzie miguuni. Nywele zinaweza kusubiri, neva haziwezi.

Vidole kufa ganzi baada ya baipasi si kitu cha kutibu kwa kubahatisha kwenye kaunta ya famasi. Kwa mtu mwenye historia yako, washukiwa ni wengi: upungufu wa B12, upungufu wa B1 (thiamini), upungufu wa madini ya shaba, na sukari yenyewe uliyokaa nayo miaka. Akiba ya B12 kwenye ini kwa kawaida humtosha mtu miaka kadhaa hata kama haipati tena, kwa hiyo mtu angeweza kusema miezi saba ni mapema mno. Lakini metformini uliyoitumia miaka sita huzuia B12 isifyonzwe vizuri. Omeprazoli nayo hupunguza ile tindikali inayoibandua B12 kutoka kwenye nyama na samaki. Juu ya hapo baipasi imeiweka kando sehemu kubwa ya tumbo, ile inayotoa protini ya kuisindikiza B12 hadi mwisho wa utumbo mwembamba inakofyonzwa. Inawezekana kabisa uliingia chumba cha upasuaji ghala likiwa limeshapungua.

Kwa hiyo foliki ya mg 5 iweke kando kwanza. Mwenye upungufu wa B12 akipewa foliki nyingi peke yake, damu hupanda, watu hupongezana, na huku neva zinaendelea kuharibika chini kwa chini. Mahitaji yako ya kila siku ni mcg 400 hadi 800, na mwanamke anayeweza kushika mimba mcg 800 hadi 1000. Sehemu yake imo tayari kwenye FEFO, nyingine utaipata kwenye multivitamini. Mg 5 ni mcg 5000. Na kuna jambo la huku kwetu wasilolitaja sana: foliki ya mg 5 kwa siku hudhoofisha SP, zile dawa za kukinga malaria wanazopewa wajawazito kliniki. Likumbuke siku ukibeba mimba.

Vile vidonge vya neva navyo, geuza pakiti usome kiasi cha B6. Vingi vya aina hiyo vina mg 100 hadi 200. Mwanamke wa umri wako huhitaji mg 1.3 tu kwa siku. Marekani wameweka kikomo cha mg 100. Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi mg 12, kwa sababu B6 nyingi ikitumika muda mrefu huleta ganzi na kuchomachoma miguuni. Yaani dawa ya ganzi inazaa ganzi. Daktari akikuandikia kwa muda maalumu baada ya kukupima, sawa. Kujinunulia kila mwezi, hapana.

Mshukiwa mwingine yumo tayari ndani ya mkoba wako, na ni ile zinki. Vidonge vya mg 20 vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto anayeharisha, kwa siku 10 hadi 14 basi. Zinki ikizidi, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza protini inayoikamata shaba na kuizuia humo humo hadi itoke na choo. Shaba ikipungua, matokeo yake ni anemia isiyosikia madini chuma, ganzi miguuni na kuyumba wakati wa kutembea. Karibu picha ile ile ya B12, ndiyo maana huwachanganya hata wataalamu. Kanuni ni kwamba kila mg 8 hadi 15 za zinki ziende na mg 1 ya shaba, na aliyefanyiwa baipasi anahitaji shaba mg 2 kwa siku. Wewe unakunywa zinki 20 na shaba sifuri. Iache leo.

Wiki hii, si mwezi ujao, nenda kwa daktari umweleze ganzi hiyo na utaje neno baipasi mapema, usingoje aulize. Vipimo vya kuomba ni B12, foliki, feritini (akiba ya chuma), vitamini D, kalsiamu, homoni ya PTH (inayosimamia kalsiamu), albumini, sukari ya miezi mitatu, na shaba na zinki kama maabara inazifanya. Mfuko ukibana, anza na B12 na feritini. FBP peke yake inaweza kudanganya: upungufu wa chuma hufanya chembe nyekundu ziwe ndogo, wa B12 huzifanya kubwa, na ukiwa na vyote viwili wastani unasoma kawaida kabisa. Siku tatu kabla ya kutoa damu usile zile jeli za nywele. Zimejaa bayotini, na bayotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine za maabara. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo hilo mwaka 2017, hasa kwa kipimo cha troponini cha moyo, na hata majibu ya thairoidi na vitamini D yanaweza kutoka ya uongo.

Damu ikishachukuliwa, si lazima kungoja majibu ili kuanza B12. Kwa mwenye ganzi madaktari wengi huanza na sindano za karibu karibu, kisha hushusha hadi moja ya mcg 1000 kila mwezi. Baada ya hapo unaweza kuendelea na sindano ya mwezi, au vidonge vya mcg 350 hadi 1000 kila siku. Usishangae wingi huo wakati mahitaji ya mwili ni mcg 2 na kitu: kwa njia isiyohitaji msindikizaji, asilimia moja hivi tu ndiyo inayopenya. Ule mcg 6 ulio kwenye multivitamini ya kawaida hauwezi kukutosha. Kwa mtu asiye na fedha nyingi sisi tungechagua sindano; unaikumbuka mara moja kwa mwezi tu.

Sasa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka ni 12, kwa hiyo 9.8 ni anemia bila ubishi. Hamu ya barafu na udongo kwa mtu ambaye hakuwa nayo ni dalili inayofahamika ya upungufu wa madini chuma, na mara nyingi huondoka yenyewe chuma kikianza kuingia. Udongo wenyewe hukamata chuma tumboni ukatoka nacho, kwa hiyo kila kipande cha pemba kinakurudisha nyuma.

FEFO yako haina kosa. Saa unayoinywea ndiyo yenye kosa.

Shika pakiti uisome. Moja imeandikwa mg 200, nyingine imeandikwa mg 60, na watu hudhani ya kwanza ina nguvu zaidi ya mara tatu. Zile 200 ni uzito wa chumvi nzima, yaani salfeti na chuma chake. Chuma chenyewe humo ni kama mg 65. Ile ya pili imetaja chuma peke yake, ambacho kwenye maandishi ya Kiingereza huitwa "elemental". Ni karibu kidonge kile kile. Mwanamke anayepata hedhi na aliyefanyiwa baipasi anahitaji chuma chenyewe mg 45 hadi 60 kila siku kwa kujikinga, kwa hiyo FEFO moja inatosha, ikiingia. Yako haiingii. Chai ina tanini zinazokikamata chuma. Maziwa yana kalsiamu inayoshindana nacho. Ukaongeza kalsiamu nyingine ya vidonge, zinki, na omeprazoli inayozima tindikali. Kumbuka pia kwamba duodeni, mahali chuma kinapofyonzwa zaidi, chakula chako hakipitii tena.

Ila wewe umeshavuka hatua ya kujikinga. Matibabu ya anemia ya chuma baada ya baipasi huwa mg 150 hadi 200 za chuma chenyewe kwa siku, yaani vidonge viwili vitatu vya namna hiyo, na kiwango hicho akiandike daktari baada ya feritini. Feritini iliyo chini ya 30 inaonyesha ghala tupu. Damu isipopanda baada ya wiki kadhaa za kumeza vizuri, au tumbo likikataa, chuma hutolewa kwa dripu ya mshipani. Kwa watu wa baipasi hiyo si ajabu, wala haina maana kwamba umeshindwa. Usinunue vidonge vya chuma vyenye ganda gumu au vya kuyeyuka polepole, hata vikisifiwa kuwa havichafui tumbo: huyeyuka vikiwa vimeshapita sehemu ya kufyonzwa.

Choo kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida ya chuma. Choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, pamoja na maumivu juu ya kitovu au kizunguzungu, ni damu, na panapoungwa kijifuko na utumbo huwa panapenda kufanya kidonda. Kama umekuwa ukimeza diklofenaki au ibuprofeni kwa kichwa au mgongo, acha na umwambie daktari, maana dawa hizo ndizo zinazochimba kidonda hicho. Maumivu yako ni ya paracetamol. Na hedhi ikiwa nzito, itaje. Damu 9.8 inaweza kuwa na milango miwili ya kutokea.

Upungufu wa kalsiamu ni ugonjwa wa kimya, kwa hiyo hapa tutakuwa wakali kidogo. Kupima kalsiamu ya damu peke yake hakukupi picha, kwa sababu mwili ukikosa huiba kwenye mifupa ili damu isome vizuri. PTH ikipanda ndipo wizi unapoonekana. Unahitaji jumla ya mg 1200 hadi 1500 kwa siku, chakula kikiwemo. Utumbo haupokei zaidi ya mg 500 hadi 600 kwa mara moja, kwa hiyo zile mbili unazomeza pamoja unanunua mbili unatumia moja.

Halafu kuna aina. Zilizojaa madukani ni kalsiamu kaboneti, ambayo inahitaji tindikali ili iyeyuke. Kijifuko chako kina tindikali kidogo, na omeprazoli inaimaliza. Kalsiamu sitreti haihitaji tindikali wala chakula, na inasaidia kidogo dhidi ya mawe ya figo. Ubaya wake ni kwamba vidonge ni vikubwa na lebo zake zina mtego: sitreti mg 1000 ina kalsiamu yenyewe kama mg 210 tu, wakati kaboneti mg 1250 inatoa mg 500. Linganisha kalsiamu yenyewe, usilinganishe namba kubwa ya mbele ya kopo. Sitreti ikikosekana au ikikushinda bei, baki na kaboneti, moja moja, katikati ya mlo na si tumbo tupu, ukiongezea maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa na miba yao. Na umuulize daktari kama omeprazoli bado ina kazi. Wengi huandikiwa kwa miezi ya mwanzo ili kidonda kisitokee, kisha wanaimeza miaka kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Usiiache mwenyewe kabla ya kuuliza.

Vitamini D iende na kalsiamu: IU 3000 kwa siku, ambazo kwenye makopo mapya zitaandikwa mcg 75. Jua la Dar halimsaidii mtu anayetoka nyumbani amejifunika, akashinda ofisini. Vile vya IU 50,000 ni vya matibabu, kwa kawaida kimoja kwa wiki. Tumesikia watu wanaovimeza kila siku kwa sababu pakiti haikusema.

Kidonge kinachochemka kiache. Baada ya baipasi mafuta yasiyofyonzwa hukamata kalsiamu utumboni, oksaleti iliyomo kwenye vyakula inabaki huru, inaingia kwenye damu na kwenda kutengeneza mawe kwenye figo. Vitamini C ya mg 1000 kila siku huongeza oksaleti hiyo. Ina sodiamu na gesi pia, na kijifuko hakipendi gesi. Vitamini C unayohitaji ni ndogo, ya kukisaidia chuma kuingia, na vipande vichache vya chungwa vinaifanya kazi hiyo.

Tukija kwenye kuchagua multivitamini: zile jeli si multivitamini, ni pipi zenye bayotini. Nyingi hazina chuma, hazina B1, hazina shaba. Nywele zako zinatoka kwa sababu mwili ulipata mshtuko wa upasuaji na kushuka uzito kwa kasi; huanza mwezi wa tatu hivi, hudumu miezi michache, kisha huota zenyewe. Zisipoota, au zikiendelea kutoka kama zako, wa kulaumiwa ni chuma na protini. Unahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai lina kama 6, kikombe cha maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kama 20 na zaidi. Hesabu ya siku moja tu itakuonyesha ulipo.

Multivitamini za watu waliofanyiwa upasuaji huu zipo, lakini huku nyingi ni za kuagiza na bei yake si ya kila mwezi. Si lazima. Chukua multivitamini kamili ya watu wazima, yenye madini, isome kwa nyuma. Unatafuta B1 isiyopungua mg 12, chuma mg 18 au zaidi, zinki kati ya 8 na 22, shaba karibu na 2, vitamini A IU 5000 hadi 10,000, E mg 15, K mcg 90 hadi 120. Anza na shaba. Kopo lisilo na shaba lirudishe kwenye rafu bila kusoma mengine. Ni njia ya haraka ya kuyachuja. Kidonge kimoja cha kawaida mara nyingi hakifiki viwango hivyo, ndiyo maana wengi hushauriwa viwili kwa siku. Ukifanya hivyo, jumlisha vitamini A. Ile iitwayo retinoli isizidi IU 10,000, yaani mcg 3000, kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Betakarotini haina shida hiyo. Kwa miezi yako saba huhitaji tena vya kutafuna, vidonge vya kawaida vinamezeka. Kikikukwama, kikate.

Na kuhusu mimba, subiri mwaka hadi mwaka na nusu tangu upasuaji. Vidonge vya majira baada ya baipasi havitegemewi, kijiti kinafaa zaidi. Kitanzi cha shaba kinakinga vizuri lakini huongeza hedhi, na kwa damu 9.8 hatungeanza nacho.

Siku yako ingekuwa hivi. Saa 1 asubuhi kifungua kinywa, na kalsiamu moja na vitamini D. Saa 4 chuma na maji na chungwa, bila chai, bila maziwa, bila uji wa ulezi. Chai uipendayo isogee hadi saa 6. Saa 7 mchana chakula na kalsiamu ya pili. Saa 2 usiku chakula na multivitamini. Daktari akiongeza chuma cha pili, kiende saa 5 usiku unapolala. Kati ya chuma na kalsiamu yaache masaa mawili. Ukiandikiwa siprofloksasini au doksisaiklini, mueleze mfamasia kwamba unatumia vyote viwili, maana vikikutana tumboni antibayotiki inafungwa na haifanyi kazi.

Kuna hali moja ambayo haingoji ratiba yoyote. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, au ukashindwa kula kwa sababu yoyote, hata malaria, B1 ndiyo inayokwisha kwanza. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Macho kucheza au kuona viwili, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa: moja kati ya hayo likitokea, ni hospitali usiku huo huo. Hapo kuna kosa la kawaida. Mgonjwa amechoka, anatundikiwa dripu ya glukosi au DNS (ile ya sukari na chumvi). Sukari hiyo huitumia B1 iliyobaki na ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Thiamini ya sindano itangulie, dripu yenye sukari ifuate. Mfundishe mtu wa nyumbani sentensi hii aiseme mapokezi: "Amefanyiwa baipasi ya tumbo, anatapika, naomba thiamini kabla ya glukosi." Iandike pia kwenye karatasi, iweke pamoja na kadi ya bima.

Stika za shoga yako ziache. Chuma na kalsiamu havipenyi ngozi kwa kiasi cha kumtosha mtu, na hakuna mwongozo wa upasuaji huu unaozikubali. Fedha hiyo ndiyo ya vipimo: mwaka wa kwanza kila miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka, maisha yote. Kwa gharama, wewe mwenyewe ona: tumekuondolea jeli, zinki, vitamini C ya kuchemka, foliki na vidonge vya neva. Umeongeza multivitamini, vitamini D na sindano ya B12.

Ramadhani. Kwa damu 9.8 na matibabu yakiendelea una udhuru wa mgonjwa, na sisi tungekuomba uutumie. Siku utazilipa ukipona. Kijifuko hakikubali maji mengi kwa mpigo, na lita moja na nusu hadi mbili kati ya futari na daku ni kazi ya kunywa funda funda usiku kucha. Mwaka ambao daktari atakuruhusu, futuru kwa tende moja na maji, kisha samaki au mayai kabla ya tambi za sukari na kaimati. Vitamu vikitangulia vinaporomoka moja kwa moja utumboni, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio na choo kinakukimbiza. Multivitamini iende na futari. Kalsiamu ya kwanza saa 2 na nusu na mlo baada ya tarawehe, chuma saa 5, kalsiamu ya pili na vitamini D kwenye daku. Chai ya daku kunywa bila wasiwasi, chuma kitakuwa kimeshapita.